Kitambaa Cheupe Ndani ya Bomba la Moshi

Fundi alijiviringishia kitambaa cheupe kwenye kidole cha shahada, akapanda ngazi iliyo nyuma ya kibanda cha lori langu, akaingiza kidole katika mdomo wa bomba la moshi na kukizungusha mara moja, taratibu, kama mtu anayesafisha ndani ya gilasi. Aliposhuka hakusema neno. Alininyooshea mkono tu, na kitambaa kilikuwa cheusi kama kitako cha sufuria ya kuni.

Lori lenyewe ni la mwaka 2015. Kwa lori la umri huo lenye filta yake ya masizi ndani, aliniambia hatimaye, kitambaa kinapaswa kurudi karibu kama kilivyokwenda.

Nililinunua mwaka 2021, hapa Columbus, Ohio, na kwa miaka minne nimelisifia kwa kila aliyekubali kunisikiliza.

Ilikuwa katikati ya Oktoba 2025. Tangu siku hiyo jambo hili limenikaa kooni kama mwiba wa samaki, na ninaandika kwa sababu nimeshindwa kulimeza na nimeshindwa kulitema.

Lori lisiloumwa

Kila dereva anayemiliki lori lake Marekani ana hadithi ya filta ya masizi. Taa ya njano inawaka, lori linaomba kusimama lijichome, yaani liunguze masizi yaliyojaa kwenye filta, dereva analisimamisha, linajichoma, na kesho yake linaomba tena. Kisha huja sensa, kisha maji ya yurea, yale ya kusafishia moshi, yanayoganda kwenye sindano yake, kisha injini inajikata nguvu katikati ya mlima. Katika vituo vya malori nimewasikia Wasomali, Wakongo, Wakenya, Wapunjabi na Wamarekani wa Kentucky wakilalamika kwa lugha tano, na malalamiko yakawa yale yale.

Mimi nilikuwa na majibu ya mtu mwenye bahati. Niliwaambia kwamba wanaacha injini ikinguruma usiku kucha bila mzigo, kwamba wanachelewa kubadilisha oili, kwamba wananunua sensa za bei rahisi. Lori langu halikuwahi kuniomba lijichome nikiwa nimeegesha, hata siku moja, na niliamini kuwa ni kwa sababu nakwenda safari ndefu, ambako joto la injini huyamaliza masizi lenyewe polepole. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, na ndiyo maana yalinidanganya vizuri.

Kulikuwa na dalili moja ambayo sasa naiona kila nikifumba macho. Tela langu ni jeupe, la friji, na upande wake wa mbele, ule unaotazamana na kibanda, ulikuwa ukichafuka kwa rangi ya kijivu iliyokoza kuliko pande nyingine zote. Nililiosha kila baada ya wiki mbili. Friji la tela lina injini yake ndogo ya dizeli iliyofungwa hapo hapo mbele, nikailaumu hiyo. Niliilaumu kwa miaka minne.

Kilichonifikisha kwa fundi ni zabibu. Dispacha, mtu anayenipangia mizigo, alinipatia mzigo wa kudumu wa zabibu kutoka upande wa Fresno, na California hairuhusu tena lori zito la dizeli kuingia na kutoka bila kuulizwa. Lori la jimbo jingine linaweza kuomba kibali cha siku 5, mara moja tu kwa mwaka. Zaidi ya hapo lazima lisajiliwe na lipimwe, na tangu 2025 upimaji wenyewe ni mara mbili kwa mwaka. Kwa magari ya kuanzia 2013 mpimaji huchomeka kifaa kwenye kompyuta ya lori na kuisoma. Kompyuta ya lori langu ilitoa majibu ambayo, kwa maneno ya mpimaji, hayakuwa ya kiwandani.

Walipolikata sanduku la ekzosi walikuta ndani mtupu. Palipotakiwa kuwa na filta palikuwa na bomba lililochomelewa kwa ustadi wa kutosha kumpa mtu wivu, na mshono wa nje ulikuwa umepakwa rangi ya fedha ili usionekane. Mfumo wa yurea ulikuwa umeachwa mahali pake. Nilikuwa nikijaza maji yale kila wiki, na kwa sababu nilikuwa nikiyajaza sikuwa na sababu ya kushuku chochote.

Lori lisiloumwa lilikuwa limeng'olewa mapafu.

Sega

Fundi alikuwa na filta mbovu ya lori jingine sakafuni, imekatwa nusu kwa msumeno, akanipa niishike. Ni kauri. Kwa mbele inafanana na sega la nyuki, vitundu maelfu kwa maelfu, ila ukitazama vizuri utaona kwamba kila kitundu cha pili kimezibwa. Kitundu kilicho wazi huku kimezibwa kule, na kilichozibwa huku kiko wazi kule. Moshi unaingia katika kitundu, unakuta ukuta mwishoni, na hauna njia isipokuwa kupenya kwenye kuta zenyewe, ambazo zina matundu madogo yasiyoonekana kwa jicho. Gesi inapita. Masizi yanabaki.

Yakijaa lazima yachomwe, kwa joto linalokaribia nyuzi 600 za Selsiasi, na hapo ndipo ugomvi wetu wote unapoanzia, kwa sababu kazi ya kuchoma takataka ndani ya gari linalotembea ni kazi yenye matatizo. Kinachobaki baada ya kuchoma ni jivu la oili, ambalo haliungui kabisa. Filta itakuja kufunguliwa na kusafishwa tu, hata kama dereva ni malaika.

Kifaa hiki kilikuja na kanuni za mwaka 2007, zilizoshusha masizi yanayoruhusiwa kutoka injini mpya za malori kwa asilimia 90. Mwaka mmoja kabla yake dizeli yenyewe ilibadilishwa, salfa ikateremshwa kutoka sehemu 500 katika milioni hadi 15, kwa kuwa salfa nyingi huviharibu vifaa hivi. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Haya yote nilikuwa nikiyafahamu kwa namna mtu anavyofahamu anwani ya msikiti asimoswali.

Nikalirudisha lile sega sakafuni. Mikono yangu ilibaki na weusi ambao sabuni ya gereji iliutoa kwa shida.

Hoja za mwenzangu wa Bukavu

Bei ya kurudisha kila kitu, sanduku, sensa, programu halali ya kompyuta na kazi ya fundi, ilikuwa dola 13,800. Fundi alisema wazi kuwa hatalifunga lori likiwa na sanduku tupu, kwani kufanya hivyo ni kosa lake yeye. Kuna gereji nyingine, pembezoni mwa barabara kuu, ambayo ingechomelea bomba lile lile kwa dola 400.

Nikampigia rafiki yangu mmoja, dereva kutoka Bukavu, mtu mwenye busara na mzee wa kanisa lake, ambaye alilidiliti lori lake miaka mingi iliyopita na hajawahi kulificha jambo hilo mbele yangu. Kudiliti ndiyo neno letu la kung'oa vifaa vya moshi. Nilitarajia atanicheka. Hakucheka.

"Ndugu yangu," alisema, "wewe hukukata kitu. Uliuziwa hivyo hivyo. Acha California, chukua mizigo ya Georgia, maisha yaendelee."

Na alikuwa na haki ya kusema. Kwa namna ninavyoijua Ohio, hakuna atakayeingiza kidole katika bomba langu. Ukaguzi wa moshi tulio nao uko katika kaunti chache za kaskazini mashariki na ni wa magari madogo. Askari wa mizani huangalia breki, matairi, taa, na ekzosi kama inavuja.

Kisha akanikumbusha usiku wake wa Wyoming, na ningependa kuusimulia hapa kama alivyonisimulia, kwa sababu watetezi wa filta huwa hawausikilizi usiku kama huo mpaka mwisho. Ilikuwa Januari, barabara ya 80, karibu na Elk Mountain, mahali ambapo upepo hulaza malori matupu ubavu kila msimu wa baridi. Sensa moja ya yurea ilikufa. Hakuwa ameishiwa maji, tangi lilikuwa limejaa, ila sensa ilisema hapana, na kompyuta iliiamini sensa. Injini ikaanza kukata nguvu hadi mwendo ukawa maili 5 kwa saa, theluji ikipita mlalo mbele ya taa na malori mengine yakimjia kwa nyuma kwa maili 60. Alitambaa ukingoni mwa barabara akiwa amewasha taa za hatari, anaomba kwa Kiswahili na Kimashi. Lori la kukokota lilimgharimu kiasi ambacho alikuwa amekiweka kwa ajili ya nauli ya mke wake na watoto kuja Marekani.

"Walichelewa miezi saba," alisema. "Sasa niambie hewa ya nani niliiokoa usiku ule."

Sikuwa na jibu, na ningemdharau mtu ambaye angekuwa nalo papo hapo.

Novemba

Lori likiwa juu ya stendi na mimi nikiwa nyumbani nahesabu siku zisizo na malipo, siasa nayo ikanikuta kitandani. Seneta Cynthia Lummis wa Wyoming alikuwa ameshawasilisha muswada wa kuondoa ulazima wa vifaa hivi katika sheria ya nchi nzima. Novemba, Rais Trump alimsamehe fundi mmoja wa jimbo hilo hilo, aliyehukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na siku moja kwa kuzima mifumo ya moshi katika malori zaidi ya 300. Katika makundi yetu ya WhatsApp watu walituma picha za makofi na bendera.

Nilikuwa na hamu ya kushangilia pamoja nao, na sababu ilikuwa hii. Mwaka 2024 kampuni ya Cummins ilikubali kulipa dola bilioni 1.675, faini kubwa kuliko zote za kiraia chini ya Sheria ya Hewa Safi, kutokana na tuhuma za kufunga programu za kukwepa vipimo vya moshi katika mamia ya maelfu ya pikapu za Ram. Kampuni haikukiri kosa. Ililipa, ikaendelea na biashara. Fundi mwenye spana alikwenda jela kwa malori mia tatu na kitu. Mtu akiniambia kwamba hapo pana haki, nitamwomba anifafanulie polepole.

Hata hivyo, kila nilipotaka kupiga makofi, nilikumbuka hesabu nyingine. Mwishoni mwa 2020 Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani lilikadiria kwamba pikapu za dizeli zaidi ya 550,000 zilikuwa zimeng'olewa vifaa vya moshi katika muda wa takribani miaka kumi, karibu asilimia 15 ya pikapu zote za aina hiyo zilizokuwa na vifaa hivyo. Madhara yake, walisema, ni kama vile kuongeza pikapu milioni 9 barabarani. Hesabu hiyo ni ya pikapu peke yake. Malori makubwa ya tela kama langu hayamo.

Vitu viwili katika gunia moja

Kilichonigeuza kilikuwa kitu kidogo na kikavu: tangazo la serikali nililokuwa nimelisoma kwa haraka mwezi Agosti na kulisahau. Mkuu wa shirika hilo la mazingira, Lee Zeldin, alisimama katika maonyesho ya jimbo la Iowa na kusema kuwa watengenezaji wanahimizwa kubadilisha programu za malori yaliyopo barabarani, na kwamba kuanzia matoleo ya 2027 malori mapya yasitengenezwe kwa namna ya kumkata dereva nguvu ghafla kwa sababu ya yurea. Kwa malori mazito, mwongozo unasema mwanzoni iwe taa tu, mpaka maili 650 au saa 10; nguvu ipungue kidogo baada ya maili 4,200; na mwendo usibanwe hadi maili 25 kwa saa mpaka zitimie maili 8,400 au saa 160, yaani wiki nne za kazi.

Nililisoma mara tatu. Wiki nne! Mwenzangu angefika nyumbani kutoka Elk Mountain, angebadilisha sensa, angekula sikukuu mbili na kurudi barabarani.

Na katika kubadilisha hayo yote hakuna aliyegusa filta.

Ndipo nikaona tulivyokuwa tumefunga vitu viwili katika gunia moja. Kilichomtesa mwenzangu usiku ule kilikuwa amri iliyoandikwa ndani ya kompyuta na watu waliokaa ofisini, amri inayoweza kuandikwa upya, kama ilivyoanza kuandikwa upya. Kauri yenye vitundu haikumfanya lolote. Hasira yetu juu ya amri ile tuliichukua tukaimalizia kwenye sega, kwa kuwa sega linafikika kwa msumeno na mtu aliyeandika amri hafikiki.

Sisemi filta ni mtakatifu. Inaziba, ni ghali, na valvu ya kurudisha moshi kwenye injini ikiharibika inaijaza masizi kabla ya wakati wake. Ila nimezipitia hadithi zote nilizosikia vituoni kwa miaka minne, na nyingi, nikizichambua kwa haki, ni hadithi za sensa, za yurea na za programu. Nina hasira na wale waliotuachia amri ile kwa zaidi ya miaka kumi kabla ya kugundua kwamba inaweza kulegezwa. Laiti wangeilegeza mapema, nadhani misumeno mingi ingebaki kabatini.

Niliyaandika haya na kumtumia mwenzangu. Alijibu kwa neno moja: "Labda."

Vitunguu

Nilikulia Ruaha Mbuyuni, kwenye barabara kuu ya kwenda Iringa, kabla ya kuanza kupanda Mlima Kitonga. Anayeijua njia hiyo anajua vitunguu vyake. Mama yangu aliviuza kando ya lami kwa miaka kumi na saba, na kila asubuhi alikwenda na kitambaa cheupe cha kufutia, maana malori ya Zambia na Kongo yalisimama pale, na yalipoondoka na mizigo yao yalitoa wingu lililotua juu ya kila kitu: vitunguu, kanga, chai. Kazi ya kukifua kitambaa kile jioni ilikuwa yangu. Hakikuwahi kutakata kabisa.

Nilimpigia simu nikiwa gereji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Lori limepona?"

Nikamweleza yote, pamoja na bei. Alinyamaza akihesabu, kwa sababu yeye hubadilisha kila kitu kuwa magunia ya vitunguu, kisha akauliza jambo ambalo hakuna mtu mwingine aliyeniuliza kwa wiki zote hizo.

"Huko unakopita, watu wanakaa karibu na barabara?"

Nikafikiria barabara ya 99 inavyokatiza Fresno, nyumba za chini zilizobanana na ukuta wa barabara, nguo zimeanikwa, na bonde lile lililozungukwa na milima ambako hewa huingia ikakosa pa kutokea.

"Wanakaa, mama."

"Haya," alisema, na akahamia kwenye habari za harusi ya binamu yangu.

Mnunuzi

Ingekuwa vizuri kuandika kwamba baada ya simu ile nililipa. Sikulipa. Nilikaa siku tisa nikitafuta njia ya tatu, na njia ya tatu ilijitokeza: mnunuzi wa malori yaliyochoka, ambaye huyapakia melini kwenda Afrika. Alitaja bei ambayo haikuwa mbaya. Nilimweleza kwa uaminifu kuhusu sanduku, nikijisikia mwungwana, naye akanituliza.

"Usijali. Kule hawaulizi filta."

Alikuwa akinipa habari njema. Nilitazama nje ya dirisha la ofisi yake, malori kumi na mawili yamepangwa kwenye changarawe, mengine bado yana majina ya kampuni za Indiana milangoni, na nikajaribu kukisia lipi litapita wapi.

Nilimshukuru nikaondoka. Siku iliyofuata nilikopa dola 9,000 kutoka chama chetu cha akiba, nikaongeza zangu, na fundi akaagiza sanduku. Mke wangu alisema jambo moja tu, kwamba kama nataka kuwa mtu mwema basi niwe mwema kwa bei ndogo zaidi mwakani. Hilo nalo ni kweli, na halijaisha kati yetu.

Dakika arobaini

Ninaandika sehemu hii ya mwisho nikiwa katika kituo cha malori, Nebraska, wiki ya tatu tangu filta mpya ifungwe. Asubuhi taa ya njano iliwaka, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu na lori hili. Nimeegesha mbali na majani makavu kama kitabu kinavyoagiza, nimebonyeza kitufe, na injini imepandisha mlio yenyewe, feni inavuma, kibanda kinatetemeka. Juu ya bomba hewa inacheza kwa joto, ila moshi hauonekani. Upande wa mbele wa tela, niliouosha siku kumi na nane zilizopita, bado ni mweupe.

Miadi yangu ya kushusha mzigo ilikuwa saa nne asubuhi. Imepita. Nilipompigia dispacha alishusha pumzi kwa namna ambayo nilizoea kuisikia akiwashushia wengine, na sensa ya joto, ambayo ni mpya, imeanza kusoma namba inayorukaruka ambayo siipendi.

Nimeipiga picha taa ile ya njano na kumtumia mwenzangu wa Bukavu. Amejibu hapo hapo, lazima naye ameegesha mahali.

"Karibu, ndugu."

Zimebaki dakika kumi na mbili. Nina kitambaa mfukoni, lakini bomba bado ni la moto.